Mtamba wa Riziki na Kisanduku Kizito

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mudzipela alinitumia kwenye simu picha ya kadi ya michezo, ina feni tatu na taa za rangi zote. Chini yake aliandika: "Mama, hii iko muzuri?" Nikamjibu kwa swali: kwenu mnatumia umeme gani? Nusu saa baadaye, nadhani baada ya kuwaza kwamba uzee umeniingia kichwani, akaandika tena, taratibu, kama mtu anayemweleza bibi yake: "Mama, miye naongea juu ya ordinateur ya kucheza." Mwanangu, nilielewa kwamba ni kompyuta. Nimeunganisha kompyuta hapa Bunia zaidi ya miaka ishirini, mpaka watu wakasahau jina langu la ubatizo wakaniita Mama Turnevisi, kwa sababu ya bisibisi niliyokuwa naichomeka kwenye kilemba. Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Kichwa bado kipo.

Basi, kwa kuwa mnaouliza ni wengi na vidole vyangu vimechoka kubonyeza kioo kidogo, nawaandikia wote mara moja. Mkitaka orodha ya bei, mmekosea mlango. Bei zinabadilika kila lori linapofika, na orodha yangu ya mwisho niliifungia karanga. Nitawasimulia makosa yangu, maana hayo bado yanafaa.

Ninyi mnaanza na kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, kwa sababu ndiyo inayosifiwa. Mimi naanza ukutani. Mtu mwenye pano mbili za jua juu ya bati na konvertisa ndogo, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumba, kadi ya feni tatu si yake. Siku kadi hiyo itakapoamka katikati ya mchezo, konvertisa italia kama mbuzi na kila kitu kitazima, pamoja na taa ya mama yake jikoni. Huyo namtafutia kadi fupi, ile isiyo na waya wake wa umeme, inayokula kile tu inachopewa na kadi-mama, ule ubao unaobeba vipande vyote. Haina sifa mtaani, lakini mpira unachezeka, na mama anaendelea kupika. Mwenye jenereta ya jirani namwuliza ni nani mwingine anayechomeka pale. Niliwahi kuhangaika wiki mbili na mashine iliyokuwa inazima ovyo, nikabadilisha kila kijiti cha kumbukumbu, kabla sijasikia harufu ya chuma upande wa pili wa ukuta. Kumbe jenereta ile ile ilikuwa inatumiwa na fundi wa kuchomelea milango.

Baada ya ukuta inakuja alimentation, kile kisanduku cha chuma kilichomo ndani ya kasha, kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vipande vyote. Hakuna anayekipiga picha. Lakini ndicho chakula cha mashine, na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote ya kazi yangu. Tena sikukosea kwa ujinga. Nilikosea katika jambo nililolijua vizuri mno.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Ukumu, mtu wa Mahagi. Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya kuandikia watu barua na kutoa fotokopi, na mashine yetu ilikuwa inazima kila nilipofika ukurasa wa pili. Wakamwita yeye. Alikuja na mfuko wa plastiki wenye bisibisi mbili na brashi ya kupakia rangi, akafungua kasha, akatoa kisanduku cha umeme, akakiweka kwenye kiganja na kufumba macho. Akakipandisha na kukishusha mara tatu.

"Hii haina kintu ndani," akasema. "Ni bati tu. Banauzisha watu upepo."

Kabla ya kompyuta, Muzee Ukumu alikuwa ananunua dhahabu kwa niaba ya mfanyabiashara mmoja. Mnajua wenyewe jinsi dhahabu inavyopimwa huku kwetu, mizani ndogo ya mkono, vijiti vya kiberiti upande mmoja na vumbi la dhahabu upande wa pili. Yeye alikuwa amefika mahali ambapo mizani ilikuwa ya kumridhisha muuzaji tu. Mkono wake ulishajua. Alipoingia kwenye redio, na baadaye kwenye kompyuta, aliuleta mkono ule ule. Alimentation nzuri ina shaba nyingi na vipande vinene vya kupozea joto, kwa hiyo ina uzito, na ya uongo ni nyepesi. Mwezi mzima alinifunga macho kwa kitambaa, akaniwekea visanduku mkononi kimoja baada ya kingine, nami nikataja kipi kizuri. Nikikosea, nilinunua chai. Nikipatia, nilinunua chai vilevile, maana alisema mwanafunzi mwerevu lazima ashukuru.

Nikajua. Watu wakaanza kuja kutoka Shari, hata kutoka Komanda, na visanduku vyao kwenye mifuko, ili niwapimie kwa mkono. Nilikuwa nafumba macho kama yeye, na nilipenda sana wanavyonyamaza kunisubiri. Nasema wazi, nilikuwa na majivuno. Kulikuwa na jambo jingine ambalo Muzee Ukumu alilifanya kila mara baada ya kupima, nami sikulitilia maanani. Nitalifikia.

Riziki alikuja kwangu akiwa na miaka ishirini na miwili. Alivaa viatu vya kanisani siku ya kazi, ndipo nikajua kwamba ana jambo. Alikuwa anauza maziwa ya ng'ombe wa familia yao, na alitaka kufungua chumba cha michezo Mudzipela, karibu na soko: mashine moja yenye nguvu ya kuanzia, manette mbili, vile vishikio vya kuchezea, skrini moja, vijana walipe kwa mechi. Babu yake, ambaye wote walimwita Tate, alikuwa amemkubalia kuuza mtamba mmoja kwa kazi hiyo.

Mtamba si kuku. Na mtamba huyo hasa, baba mdogo wa Riziki, jina lake Désiré, alikuwa amemhesabu kwa mahari ya mwanawe. Tate aliamua peke yake, na Désiré hakuweza kubishana na baba yake, lakini aliweka sharti mbele ya familia nzima. Mashine hiyo iwake mbele ya kila mtu. Ikishindwa, iuzwe, pesa zirudi kwenye mahari, na Riziki arudi kwenye madumu yake ya maziwa. Tate akalikubali sharti hilo. Kwa hiyo siku nilipopewa pesa, nilipewa pamoja na maneno hayo.

"Mama," Riziki aliniambia, "ukikosea weye, njo miye nitabeba." Lawama yote, alitaka kusema, ingekuwa yake.

Tulikaa siku nzima kuchagua. Sikilizeni, maana hapa nilifanya vizuri. Prosesa tuliitoa kwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika. Kipande hicho hakichakai haraka, na watu wa ofisi hawakitumii kwa lolote zaidi ya barua. Kumbukumbu tulichukua vijiti viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu vikiwa viwili vinasaidiana na mchezo unakwenda laini. Diski, ile isiyozunguka, hata kama ni ndogo, maana barabara zetu zinaua zile zinazozunguka kabla hazijafika dukani. Kasha, la bati tupu. Kasha lenye kioo pembeni lililotoka Kampala likafika Bunia na kioo chake kizima, mimi bado nalingojea. Riziki alitaka taa za rangi. Nikamwambia taa atanunuliwa na wateja.

Kwenye mdomo wa feni ya mbele nilivuta soksi ndefu ya nailoni ya kike, kuukuu, iliyofuliwa. Vumbi letu jekundu linabaki nje, na kila Jumamosi unaivua na kuifua. Soksi hizo zimeponya mashine nyingi kuliko mimi.

Kadi ya picha iliteremshwa Komanda kutoka kwenye lori, ikapanda pikipiki kuja Bunia. Hilo nalo nilikuwa nimejifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma nilimtumia mteja wa Komanda mashine iliyokwisha kuunganishwa, kadi nzito ikining'inia ndani ya kasha, na ilipofika ilikuwa inabingirika humo kama jiwe kwenye kopo. Tangu hapo kadi zangu zinasafiri peke yake, zimefungwa kitenge, kifuani pa dereva. Dereva wa kadi ya Riziki alinieleza kwamba njiani mama mmoja alimsimamisha kumwuliza kama mutoto amekula.

Ikabaki alimentation. Pesa zilikuwa zimepungua, kwa sababu kwenye kadi ya picha nilikuwa nimepanda daraja moja zaidi ya tulivyopanga. Nilitaka Désiré aone picha safi mpaka akose la kusema. Muuzaji mmoja wa kupitapita akaniletea kisanduku cheusi chenye maandishi ya rangi ya fedha, kwa nusu ya bei. Watu wawili walikuwa karakanani kwangu wananitazama. Nikakiweka kwenye kiganja, nikafumba macho, nikakipandisha na kukishusha.

"Hii iko na mwili," nikasema, nikalipa.

Nikaunganisha. Mashine ikawaka, skrini ikafunguka, nikaiacha dakika kumi, nikaizima. Umeme wa karakana juma lile ulikuwa wa shida, na mkono wangu ulishajibu.

Jumapili baada ya ibada, ua wa Tate kule Shari ulijaa watu. Kwao kitu kipya hakiingii nyumbani kimya kimya, hata baiskeli. Kinaombewa kwanza, kisha watu wanakunywa soda. Walikuwa wamekodi jenereta. Meza ilifunikwa kitambaa cheupe, mashine juu yake na skrini pembeni. Tate, ambaye sikio lake la kushoto halikusikia tena, alikaa kiti cha mbele na koti la suti na kofia, akingoja. Hakuna aliyefaulu kumweleza kwamba watakaocheza ni Riziki na wenzake kwa manette. Yeye alielewa kwamba mjukuu wake amemletea mpira nyumbani, na alitaka tu kujua ni timu zipi.

Mchungaji akaomba, akaomba kweli kweli. Riziki akabonyeza. Ikawaka, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikarekebisha kilemba. Akafungua mchezo wa mpira, uwanja ukatokea na majani yake, wachezaji wakaingia wakikimbia. Mechi haijamaliza dakika moja, ukatoka mlio mfupi, pah, kisha ile harufu ya plastiki na samaki ambayo fundi yeyote anaijua. Skrini ikawa nyeusi. Moshi mwembamba ukapanda nyuma ya kasha.

Tate akageuka kututazama. "Ni mi-temps?" akauliza, akidhani mechi imefika mapumziko.

Hakuna aliyecheka. Désiré alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Basi, tumeona bote," akasema. "Kesho tutauzisha bile binabakia." Hakusema kwa ubaya, na hilo liliniuma zaidi. Riziki hakulia wala kunitazama. Alianza kukunja kitambaa cheupe, upande ule ambao haukuwa na mashine.

Nilikuwa na mlango wa kutokea. Jenereta ilikuwa ya kukodi, na ningesema umeme wake ni mbovu, kila mtu angeniamini, mwenye jenereta hakuwepo kujitetea. Nakiri kwamba nilifungua mdomo kusema hivyo. Nikaona vile vidole vya Riziki vikikunja kitambaa, vikikinyoosha, vikikikunja tena, nikayaacha maneno hayo. Nikachomoa waya zote, nikatoa kisanduku, nikakiacha kipoe mpaka watu walipomaliza soda. Ninyi msiniige: kiacheni siku nzima bila waya, maana umeme unabaki umejificha humo, na ndani msitie kidole. Mimi siku ile nilikuwa na aibu kuliko woga. Nikavuta bisibisi kwenye kilemba, nikafungua skrubu nne mbele ya familia nzima.

Nusu ya kisanduku ilikuwa tupu. Shaba yenyewe ilikuwa kidogo, kiasi cha redio ndogo. Na chini ya kifuniko, kimebandikwa kwa gundi vizuri kabisa, kulikuwa na kipande cha simenti, ukubwa wa mche wa sabuni. Nikakibandua, nikakiweka kwenye sahani ya biskuti kwa kuwa sikujua pengine pa kukiweka.

Désiré akakichukua, akakipima mkononi. "Mutamba yetu imekuwa simenti," akasema, na hapo watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni kosa yangu," nikasema. "Hapana ya jenereta. Nilipima na mukono, sikufungua."

Sasa nafika kwenye lile jambo la Muzee Ukumu. Enzi zake za dhahabu, baada ya mkono kujibu, alikuwa anakwaruza kipande, anakidondoshea dawa kali, anangoja aone kinabadilika rangi au la. Na visanduku vya umeme navyo, baada ya kuvipima, alivimulika kwa tochi kupitia matundu ya feni, halafu akavifanyisha kazi kutwa nzima kabla ya kusema neno. Nilikuwa nadhani ni wasiwasi wa kizee. Nilichukua mkono wake kwa sababu uliwashangaza watu, nikaacha wasiwasi wake kwa sababu haukumshangaza mtu. Wale wanaotengeneza visanduku vya uongo walikuwa wameshajua kwamba tunapima kwa mkono, wakatupa uzito tuliokuwa tunautafuta. Jioni ile nilimpigia simu Mahagi nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akauliza chai itanunuliwa na nani.

Lakini bado tuko uani. Riziki aliinama kwenye sikio la kulia la babu yake, akamweleza yote kwa sauti ya juu. Tate akaniita.

"Weye mama. Ile kintu ililala kwako siku ngapi?"

"Haikulala, Tate. Niliwasha dakika kumi."

Akamtazama mchungaji, akamtazama Désiré, kama mtu anayetafuta mwenzake wa kushangaa naye. "Miye nikinunuaka ngombe, inalala kwangu juma moja mbele ya kulipa. Nione namna inakula. Nione namna inatembea. Dakika kumi? Hata kuku, mama."

Nikaanza kukusanya skrubu zangu nne.

"Tate," Désiré akasema, "tulisema ikishindwa, tunauzisha."

"Ngombe ikianguka siku ya kwanza, weye unauzisha nyama? Siye tunaangalia kwanza ilikula nini." Tate akaonyesha ile simenti kwa fimbo. "Hii njo ilikula. Mupe chakula ya kweli. Juma moja ilale kwa huyu mama, ifanye kazi, na Riziki akae pale aangalie. Jumapili tutarudia. Ikianguka tena, neno yako itafanyika, miye sitasema kintu." Kisha akauliza kama mechi itaendelea, na tukamwambia hapana.

Juma lile silisahau. Nilipofungua kasha nilikuta kadi-mama imekufa. Kadi ya picha na prosesa vilipona. Pesa za mtamba zilikuwa zimekwisha. Nikafungua mashine yangu mwenyewe, ile niliyokuwa naendeshea kazi, nikatoa kadi-mama yake nikampa Riziki. Alimentation nikaitoa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi iliyofungwa, ya kijivu, imekwaruzwa, haina hata herufi moja ya rangi ya fedha. Nikaiacha siku nzima bila waya, nikafungua, nikamulika, nikaona shaba imejaa mpaka pembeni. Kisha nikapima nguvu yake na ulaji wa kadi, nikairudisha kadi chini kidogo kwenye mipangilio, picha ikapungua uzuri kwa kiasi ambacho Désiré asingekigundua maisha yake yote.

Riziki alikuja kila siku baada ya kugawa maziwa, akacheza mpaka tunafunga. Mnadhani ni raha. Siku ya pili alikuwa anapiga miayo huku akifunga mabao. Siku ya tatu, saa nane mchana, mashine ikazima.

Tulitazamana. Nilishika kasha, likanichoma mkono. Nikafungua sehemu ya mbele, nikakuta soksi mbili, moja juu ya nyingine. Riziki, kwa kuogopa vumbi lisiingie, alikuwa ameivika soksi ya pili asubuhi ile, yake mwenyewe, mpya. Feni ilikuwa inavuta hewa ikaikosa. Tukaivua moja, mashine ikapoa, ikawaka, haikuzima tena juma lile lote. Nilicheka, naye akacheka, halafu akalia kidogo, na mimi nikamwacha alie kwa sababu hata mimi nilikuwa karibu. Ingekuwa Jumapili imetukuta na soksi mbili, basi yote yangekwisha.

Jumapili ya pili watu walikuja na nguo za kawaida. Mchungaji aliomba kwa kifupi sana, nadhani naye alikuwa na mashaka. Désiré alisimama karibu na lango, mikono imefungwa kifuani. Mashine ikawaka, uwanja ukatokea, dakika ya kwanza ikapita, ya kumi ikapita, nusu saa. Tate akasema anataka wale wa jezi ya njano. Riziki akampa manette, na mzee wa watu akabonyeza vyote kwa pamoja, kipa wake akauchukua mpira, akageuka, akautia kwenye nyavu zake mwenyewe. Tate akasimama na kofia mkononi, akashangilia, maana kwake bao ni bao.

Désiré alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Alipomaliza kujifuta machozi alisogea mezani. "Leta na miye," akasema. Alifungwa na Riziki mara nne mfululizo, na alipoondoka mashine ilikuwa imekwenda saa tatu bila kukohoa. Habari ya kuuza haikutajwa tena. Chumba cha Mudzipela kilifunguliwa mwezi ule ule, na baada ya mwaka na kitu Riziki alimpelekea baba yake mdogo mtamba mwingine kwa mahari ya binamu yake, bila kuombwa. Désiré alimlaza mtamba huyo kwake juma zima ndipo akasema aksanti.

Tangu hapo hakuna mashine iliyotoka kwangu bila kulala siku tatu ikifanya kazi. Wateja walinung'unika, wengine walikwenda kwa mafundi wa haraka, na wachache kati yao nikawaona wakirudi na harufu ile ya samaki kwenye kasha. Sikuwacheka. Niliwawekea mkononi kile kipande cha simenti nikawauliza wananunua kwa bei gani.

Sasa simenti hiyo iko kwa Riziki, ambaye miaka hii alijifunza kazi kwangu. Macho yangu yalipoanza kuona skrubu moja kuwa mbili, nilimwachia karakana, bisibisi na jina, ingawa jina amekataa kulitumia. Na mimi nimebaki nyumbani na furaha yangu, isipokuwa nimeingiwa na tamaa ya uzeeni. Kuna mchezo wa kuendesha malori makubwa. Unapakia mzigo, unakwenda mamia ya kilomita, na barabara haina shimo hata moja. Nilijaribu mara moja kwenye chumba cha Riziki, nikaendesha mpaka watu wakaniondoa kwa upole. Nikaamua na mimi nijengewe mashine yangu, ndogo, ya konvertisa yangu ndogo.

Mwezi uliopita nilikwenda kuichukua. Riziki alikuwa mezani na mteja, kijana mwingine mwenye picha ya kadi ya feni tatu kwenye simu, na nilimsikia akimwuliza kwao wanatumia umeme gani. Alipomaliza naye akainama chini ya meza, akatoa kisanduku cha umeme cha kijivu, akaniwekea kwenye kiganja.

"Pima, Mama."

Mkono ulipanda na kushuka wenyewe, macho yakajifumba. Kilikuwa kizito, uzito ule mzuri ninaoujua. Yule kijana alikuwa ananitazama amenyamaza, na nawaambia ukweli, bado napenda kutazamwa hivyo. Nikafumbua macho.

"Fungua," nikasema.

Riziki akanionyesha kifuniko cha chupa ya soda pembeni ya meza. Ndani yake zilikuwamo skrubu nne. Akainua kifuniko cha kisanduku kwa kidole kimoja, akanimulikia kwa tochi, na hata kwa macho yangu haya niliona shaba.

"Basi, unganisha nibebe," nikasema. "Pikipiki inaningoja inje."

"Ilishaungwa jana, Mama. Hii nilitoa tu kusudi uone. Lakini haijalala."

"Riziki. Ni miye."

"Najua. Siku tatu."

Nikamtazama nione kama anatania. Alikuwa ameshaanza kurudisha skrubu, moja moja, akizibana kwa zamu kama nilivyomfundisha. Nikamwambia dereva wa pikipiki anirudishe nyumbani mikono mitupu, na njia nzima alikuwa anageuka kuniuliza ni nini kinanifurahisha.